Jina Limebaki

Kuna samaki wa Ziwa Victoria ambaye jina lake la kisayansi mtoto wa shule ya msingi anaweza kulisoma bila kumuuliza mwalimu: Pundamilia nyererei. Nusu ya kwanza ni punda milia, nusu ya pili ni Mwalimu Nyerere. Dume akikomaa hupata mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi iliyosimama. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ana mistari ile ile, ila dume wake ni wa samawati iliyofifia. Na majike wao je? Kijivu na kijivu. Ukiniwekea jike wa huku na jike wa kule kwenye mitungi miwili, halafu ukaibadilisha nikiwa nimekupa mgongo, sitakuambia yupi ni yupi.

Wawili hawa wakikutanishwa huzaa, na watoto wao pia huzaa. Kinachowatenganisha ni macho ya jike. Wa nyererei humtaka mwekundu, na mwenzake humtaka wa samawati. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Science kinachotokea macho hayo yanaposhindwa kuona. Kwenye maji maangavu, kama kule Kisiwa cha Makobe upande wa Tanzania, kila mtu na wake. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji yana tope na mwanga ni hafifu, unakuta samaki wa katikati, si mwekundu si samawati. Spishi mbili zimeanza kuwa moja.

Tangi la kioo la sebuleni lina maji maangavu, lakini jike aliye ndani yake hana pa kwenda. Mfungie na dume asiye wa kwao, na baada ya muda utamwona kidevu kimemvimba na chakula hagusi. Amebeba mayai mdomoni, ndivyo siklidi hawa wanavyolea. Wiki mbili au tatu baadaye anawatema watoto, wadogo kama punje za mchele, wote kijivu. Itapita miezi kabla rangi haijatoka, na hata ikitoka, chotara anaweza kufanana na baba mtupu, kisha wajukuu ndio waumbuke.

Nimefuga siklidi miaka kumi na miwili, na watu wamezoea kunitumia picha kwa simu. "Mzee, huyu ni nani?" Swali ni fupi, lakini jibu lake halijawahi kuwa fupi.

Rangi? Inategemea siku. Dume aliyepigwa na mkubwa wa tangi hufifia hadi unamdhania jike. Chakula huongeza wekundu, na wapo wauzaji wanaowapa samaki homoni ili watoto wang'ae mapema dirishani, kisha wakifika kwako rangi inaisha polepole. Umbo la taya? Fulu wa ziwani, jina tunalowaita huku Nyanza, waliainishwa kwa kiasi kikubwa kwa meno na taya zao. Lakini mwaka 1965 P. H. Greenwood alionyesha kwamba Astatoreochromis alluaudi, anayevunja konokono kwa taya za kooni, akilelewa bila konokono taya hizo hazikomai vilivyo. Samaki ni yule yule, kilichobadilika ni chakula tu. Basi tupime DNA? Spishi za ziwa hili ni changa mno, bado zinagawana sehemu kubwa ya urithi wao, kiasi kwamba hata maabara hutoka jasho. Sasa mimi na picha ya simu, tena yenye mwanga wa taa ya bluu, nifanye nini?

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja na ndoo. Alikuwa amenunua samaki sita, akaambiwa na muuzaji, "Bosi, hii ni orijino kabisa." Akawafuga vizuri, maji akibadilisha kila Jumamosi, mpaka wakampa watoto zaidi ya arobaini. Alikuwa amepata mteja Nairobi anayetaka nyererei wa Makobe. Kama ni nyererei, kila mmoja shilingi 500. Kama ni mchanganyiko, labda 100, na mteja mwenyewe hataki mchanganyiko. Hesabu haikuwa ya mchezo, maana karo ya dada yake ilikuwa ndani ya ile ndoo.

"Mzee, wewe niandikie tu jina. Wakisikia ni wewe umesema, wataamini."

Niliwatazama muda mrefu. Dume mkubwa alikuwa na wekundu mgongoni, sawa, lakini mistari yake ilikuwa imekatika mahali ambapo si kawaida. Inaweza kuwa chotara. Inaweza kuwa nyererei wa kisiwa kingine, kwa sababu kila kisiwa kina wake. Inaweza kuwa ni dume aliyetishwa na safari. Nikamuuliza wazazi wa wale sita walitoka wapi. Hakujua. Muuzaji naye hakujua, alikuwa amewapokea kwenye mfuko wenye jina juu.

Mtu anaweza kusema, kwani kuna ubaya gani? Samaki ni mzuri, mteja atafurahi, dada atasoma. Nami ningekubali, kama si habari ya ngege.

Ngege wa asili ni Oreochromis esculentus, aliyeelezwa kisayansi na Michael Graham mwaka 1928, na hilo jina la pili maana yake ni anayeliwa. Ndiye aliyelisha watu wa ziwa. Kisha zikaletwa tilapia za nje, ikiwemo ile ya Nile, na mbuta naye akaja. Ngege akasukumwa hadi kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, kule Siaya. Leo nenda sokoni Kisumu uombe ngege. Utapewa. Utamla na ugali na mboga za kienyeji, na kwa kawaida utakuwa umekula tilapia ya Nile. Jina limebaki, samaki hayupo, na kwa sababu jina limebaki, hakuna aliyelia.

Ndivyo inavyoweza kutokea kwenye tangi pia. Mbuta alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980, fulu wengi walitoweka. Wapo ambao hawajaonekana ziwani kwa miaka mingi, na wanaozaliwa leo wanazaliwa ndani ya vioo, kwa watu kama mimi na yule kijana. Chotara mmoja akiingia humo na jina la mwingine, hakuna atakayegundua.

Lakini sipendi maneno ya "damu safi". Katika nchi ambayo mtu husikia jina lako la mwisho halafu akuulize, "Lakini hasa wewe ni wa wapi?", nimeyasikia ya kutosha. Na samaki wenyewe wanayakataa. Mwaka 2017 Joana Meier, Seehausen na wenzao walionyesha kwamba spishi za Ziwa Victoria, zaidi ya 500, chanzo chao ni koo mbili za kale zilizochanganyika, mmoja wa upande wa Kongo, mwingine wa Nile ya juu. Nyererei mwenyewe, ukirudi nyuma vya kutosha, ni mjukuu wa machotara. Uchotara si dosari. Dosari ni kumpa mtu jina la mwingine aliyekaribia kwisha, kisha tuhesabu kwamba bado yupo.

Kwa hiyo sikumwandikia "nyererei", wala sikumwandikia "chotara", kwa maana hilo nalo nisingeweza kuliapia. Niliandika kwenye karatasi: "Jamii ya Pundamilia. Wazazi sita walinunuliwa dukani, asili yao haijulikani. Wasichanganywe na walio na asili inayojulikana." Aliisoma mara mbili.

"Mzee, hii hainiuzii samaki."

Nikamwambia ni kweli. Nilinunua kumi kwa bei ya nyererei, nikawatia kwenye tangi la peke yao, na ile karatasi nikaibandika kwenye kioo. Waliobaki thelathini na kitu aliondoka nao. Karatasi yake nilimnakilia, akaikunja, akaitia mfukoni. Kama aliibandika kwenye mifuko ya kwenda Nairobi, hilo analijua yeye.