Fundi Springi wa Ipogolo

Mtoto wa kaka yangu aliondoka kwangu Iringa saa kumi na mbili na nusu asubuhi kurudi Dar es Salaam. Kabla ya saa tatu akanipigia simu akiwa katikati ya mteremko wa Kitonga.

"Shangazi, gari linanuka. Na breki zimekuwa laini, nakanyaga mpaka chini."

Nikamuuliza alikuwa anashuka na gia gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hili si otomatiki, Shangazi? Gia zinajipanga zenyewe."

Kijana amesoma, ana leseni halali, na mwaka huu ni wa sita anaendesha. Jibu lake limenikaa rohoni tangu siku ile. Hasira yangu haikuwa kwake. Ilikuwa kwetu sisi tuliojua tukakaa kimya, tukadhani kwamba gari likishakuwa jipya, mlima nao umekuwa mfupi.

Nilimwambia atafute pembeni palipo tambarare kidogo, asimame, aweke mawe chini ya matairi, gia aiache kwenye P. Asivute hendibreki, na asithubutu kumwaga maji kwenye magurudumu, maana diski ya moto ikipigwa na maji baridi hupinda au hupasuka. Akae hapo saa nzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka; yakipata moto mkali unyevu ule huchemka ukawa mvuke, na mvuke hubinyika, ndiyo maana mguu wake ulikuwa unazama. Zikipoa, breki zingerudi kiasi cha kumfikisha Ruaha Mbuyuni taratibu, kwa gia ndogo, akatafute fundi.

Maneno hayo si yangu. Niliyapata Ipogolo, hapa hapa Iringa, chini ya mwembe, kwa mzee mmoja aliyekuwa akifua springi za malori.

Baba yangu alikuwa dereva wa Bedford, akibeba mahindi. Kaka anasema baba alitupeleka kwa yule mzee mara ya kwanza mwaka 1966; mimi nasema ni 1967, kwa sababu nilikuwa nimeshaingia darasa la tatu. Tumepigiana simu mara mbili juu ya jambo hilo, tukaliacha. Tunachokubaliana ni kwamba lami ilikuwa haijafika. Ilikuwa miaka ile ya malori ya kwenda Zambia, na wenye umri wangu wanajua barabara ilivyokuwa.

Karakana yake haikuwa na ukuta. Ilikuwa mwembe, banda la mabati, tanuri la mkaa, mivukuto ya ngozi na pipa lililokatwa nusu, limejaa oili chafu. Kwenye tawi nene la mwembe ulining'inia mnyororo wa kunyanyulia injini, na pale ulipokaa gome lilikuwa limeliwa mpaka ndani. Harufu ya mahali pale naweza kuitambua hata leo nikiwa nimefumba macho: mkaa wa miti ya miombo, grisi, raba, na juu ya yote ule moshi mzito uliotoka pipani chuma chekundu kilipozamishwa. Nguo za baba zilirudi nao nyumbani. Mama alizianika mbali na zetu.

Mzee alikiacha kipande cha springi motoni mpaka kikawa na wekundu wa kaa. Weupe hakuutaka, alisema unaua chuma. Alikikunja kwa nyundo kufuata mzingo wa kipande cha zamani, akakizamisha kwenye oili, halafu akakirudisha motoni kidogo, kwa moto mdogo. Hatua hii ya mwisho wengi waliiruka, na springi zao zilikatika kama kigae kabla ya kufika Mafinga. Zake zilirudi baada ya miaka. Zilizokufa kabisa alizifua mapanga na majembe, na nyumbani kwetu tulilimia springi ya Bedford ya baba mwenyewe.

Lakini watu hawakwenda kwake kwa ajili ya chuma tu. Kabla hajashika nyundo alimkalisha dereva kwenye gogo akamhoji. Lilikatikia wapi? Ulikuwa na mzigo kiasi gani? Gia ya ngapi? Kisha alichukua kile kipande kilichokatika akakigeuzageuza juani. Kikiwa kimekatika penye tundu la katikati, alijua yubolti zilikuwa zimelegea na hakuna aliyezikaza. Kikiwa kimekatikia mwishoni, karibu na jicho, swali lake lilikuwa moja: ulikanyaga breki ukiwa tayari umeingia shimoni? Madereva wazima, wenye vitambi na kofia, walitazama chini. Gari linalofungwa breki huinamia mbele; springi inakuwa imeshabanwa hata kabla ya kupigwa na ukingo wa shimo. "Breki kabla ya shimo. Ndani ya shimo, achia." Maneno hayo aliyarudia kila siku.

Alitufundisha pia, mimi na kaka, kupima magurudumu. Lori likishuka mlima likasimama, unazunguka ukisogeza mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Yote yakiwa na joto sawa, mshukuru Mungu. Moja likizidi, ama breki yake inabana ama beringi imekauka. Kaka alichoka haraka. Mimi nilizunguka kila lori lililoingia, na madereva wakanizoea.

Leseni yangu ya kwanza imeandikwa 1978. Nilikuwa muuguzi, na kliniki yetu ya mkoba ilikuwa na Land Rover 109 ya petroli na dereva mmoja aliyekuwa akiugua mara kwa mara. Akiugua, kina mama wa Pawaga walikaa na watoto wao chini ya mti mpaka jua linazama. Ndiyo maana nikajifunza, na aliyenipeleka kwa mara ya kwanza juu na chini ya mteremko wa Ipogolo alikuwa yule yule mzee wa springi, ameketi kushoto kwangu, mkono mmoja dirishani. Hakunifundisha usukani. Alinifundisha kusikiliza. "Isikie injini inavyolia. Ikilia hivi, imekushika. Ikinyamaza, umebaki peke yako."

Land Rover ile ilikuwa na kirungu chekundu cha kuingiza gia za nguvu na cha njano cha kufanya magurudumu yote manne yavute. Wiki moja ilikwenda Dabaga, wiki nyingine Pawaga, na hizo zilikuwa nchi mbili tofauti. Dabaga ni juu, baridi, ukungu na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Huko unachagua gia ukiwa bado chini ya kilima, maana ukiibadilisha katikati umesimama, na ukisimama umezama. Unaendesha juu ya tuta la katikati, hufuati mifuo iliyochimbwa na malori. Likianza kuteleza mkia, mguu unatoka kwenye breki na usukani unaelekea kule mkia unakokwenda, jambo ambalo mwili wote unalikataa mpaka ulizoee. Pawaga ni chini, joto, mchanga na udongo mweusi. Kwenye mchanga tulipunguza upepo wa matairi, tukayajaza tena kwa pampu ya mkono kabla ya kurudi kwenye mawe, kwa kuwa tairi laini hupata joto na kukatika ubavuni.

Na mito. Hatukuingia mtoni kabla mtu hajavuka kwa miguu na fimbo. Maji yakizidi magoti, tulifungua mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye nyaya za plagi, tukaingia polepole na gia ya kwanza ya nguvu, bila kuachia mafuta, mpaka ng'ambo. Ukishavuka unakanyaga breki kidogo kidogo huku unatembea, zikauke. Mara moja nilisahau. Mbele palikuwa na mbuzi na mtoto anayewachunga. Nilikanyaga na gari halikusikia. Nililigonga kwa makusudi kwenye kichuguu. Mtoto hakuguswa. Masanduku ya chanjo yalipinduka, barafu ikamwagika, na tulirudi bila kumchanja mtu. Usiku ule sikulala.

Miaka ya 80 sitaieleza. Aliyekuwepo anakumbuka tairi lililopatikana kwa kibali na kipande cha sabuni kinachosiliba tangi linalovuja. Baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, na kwa kweli ni mazuri: usukani mwepesi, breki zisizogandisha magurudumu, milango inayofunga kelele na vumbi nje. Lakini inafunga na harufu. Mtu haisikii injini tena, wala haujui mlio wa beringi inayokufa. Gari lina gia za L na 2 palepale mkononi, na mwenyewe hajawahi kuzigusa. Matairi yanaonekana mapya kwa kuwa kashata ni ndefu, hakuna anayeinama kusoma tarakimu nne ubavuni, ambapo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012, na raba ya umri huo haifai kwa safari ya Mbeya. Maji ya mvua yakijaa Jangwani, Dar es Salaam, watu wanaingiza gari dogo majini kwa kasi. Injini inavuta maji, kongarodi zinapinda, kisha wanapiga stata tena na tena wakimalizia uharibifu. Mchana wa jua, kwenye lami safi, mtu anafuata lori kwa umbali wa mita tano. Inanichoma. Madereva wapya wanafundishwa kurudi nyuma kati ya vigingi uwanjani, na hakuna anayewapeleka mlimani.

Mzee alifariki kabla sijastaafu. Wanawe walikwenda kwenye kazi nyingine. Mwaka jana mwembe ulikatwa, pakajengwa ukuta wa matofali na geti la bluu. Nilipita siku wanapasua gogo. Lile tawi la mnyororo lilikuwa chini pamoja na mengine, gome limeliwa, na chuma kimepaka rangi ya kutu mpaka ndani ya mti.

Kijana alirudi mwezi wa sita. Breki zote alikuwa amebadilisha, na mafuta yake pia. Sikumpa hotuba. Alfajiri nilipanda upande wa kushoto nikamwambia tushuke kutoka mjini hadi Ipogolo, gia iwe kwenye L, mguu auweke sakafuni. Mara ya kwanza injini ilipopandisha sauti alishtuka akakanyaga breki, akidhani ameiharibu. Mara ya pili alikanyaga penye kona tu. Mara ya tatu tulifika chini bila breki hata moja. Akazima gari, akashuka mwenyewe, akazunguka akisogeza mgongo wa kiganja kwenye kila gurudumu, kama nilivyomwonyesha.

"Yote baridi, Shangazi."

Mara ya nne nilimwacha ashuke peke yake. Nilisimama kando ya barabara nikaisikiliza injini ikishuka, ikilia, mpaka darajani.