Rangi Nyeusi na Mikono Inayoiosha

Nimeacha kazi. Banda la Keko nimemkabidhi binti niliyemfundisha mwenyewe, na tangu hapo watu wananiuliza fundi wa polishi atakuwa na nini cha kuandika. Ninacho. Maisha yangu yote ya kazi yamepita juu ya rangi nyeusi, na ninaondoka nikiona magari meusi ya Dar es Salaam yakiharibiwa kila asubuhi na watu wanaoyapenda kwa dhati. Jua lina sehemu yake, chumvi ya bahari ina sehemu yake. Lakini kinachoyamaliza hasa ni namna yanavyooshwa.

Nilizaliwa Muheza, baba akiwa mkata mkonge wakati bei ya mkonge imeshaanza kuporomoka. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, mjomba akanichukua mjini. Mwaka 1980 nikaingia gereji moja Gerezani, kijana wa kupiga msasa. Utoto wangu hauna zaidi ya hayo yanayohusu habari hii.

Nchi ilikuwa katika dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, fedha za kigeni hazipatikani, sabuni na sukari ni foleni. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Kopo la rangi lilikuwa jambo la kuulizia mtaa kwa mtaa, na thina hivyo hivyo. Gari likipauka, mwenyewe hakuwa na njia ya kulipaka upya. Ilibidi rangi iliyotoka nayo kiwandani itunzwe mpaka mwisho, na gereji nzima mtu aliyejua kuitunza alikuwa mmoja tu.

Tulimwita Mzee wa Pangani. Alianza kazi kabla ya Uhuru kwenye gereji za Wahindi, na vidole vyake vilikuwa na wepesi ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Siku niliyopelekwa kwake nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia nivue mkanda. Nilidhani nimekosa adabu mahali. Akagusa bizimu ya mkanda wangu kwa ukucha, akaelekeza kidole kwenye mlango wa Benzi jeusi lililokuwa mbele yetu. Ndipo nikaona kwamba yeye mwenyewe suruali yake imefungwa kwa kamba ya kitambaa, hana saa mkononi, hana pete, na vifungo vya shati lake vimefunikwa na aproni. Hakuna chuma kilichokuwa mwilini mwake. Nimewafundisha vijana wengi baadaye, na kwa kila mmoja somo la kwanza limekuwa hilo.

Somo la pili lilikuwa kitambaa. Rangi za wakati ule, zile za Peugeot 504 na Benzi za maofisa, zilikuwa za tabaka moja. Hakukuwa na klia juu. Ukisugua kwa polishi, kitambaa kinatoka cheusi. Wateja walifurahi, wakidhani uchafu unatoka. Mzee alinifunulia kitambaa kiganjani akaniambia, "Tazama vizuri, kijana. Hili unaloliona hapa ni gari." Alimaanisha kwamba kila mng'aro tunaoutoa tunaulipia kwa rangi yenyewe, na rangi ina mwisho. Kuna dereva wa ofisi moja kubwa aliyekuwa akileta gari kila mwezi lipigwe polishi. Mzee alikuwa akiliosha, analikausha, analipaka nta, anamrudishia bila kugusa kopo la polishi. Dereva alilalamika kwa mwenye gereji. Mwenye gereji akamwita Mzee, wakaongea kwa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa, na mwezi uliofuata Mzee akafanya vile vile.

Sasa nije kwenye ubishi ambao umenifuata mpaka leo.

Mzee alifundisha mkono uende mnyoofu. Boneti unaifuta kutoka kwenye kioo kuelekea taa, milango kutoka mbele kwenda nyuma, jinsi upepo unavyopita gari likiwa barabarani. Kulikuwa na mwenzangu tuliyeanza naye mwaka mmoja, kijana mwepesi wa mikono na wa maneno, yeye akishikilia kuzungusha. Alisema kuzungusha kunang'arisha haraka, na hilo ni kweli. Jioni moja aliliegesha chini ya taa ya barabarani gari ambalo Mzee alikuwa amelifuta kwa mkono mnyoofu, akatuita wote. Kwenye boneti, kuzunguka mwanga wa taa, kulikuwa na ule utando wa buibui ambao kila mwenye gari jeusi anaujua: nywele nyembamba za mikwaruzo, duara ndani ya duara. Akasema, haya, kama mkono ulikwenda mnyoofu, miduara hii imetoka wapi? Vijana wakacheka. Mzee hakujibu, alikuwa mtu asiyebishana mbele za watoto.

Mimi nilibaki pale baada ya wote kuondoka, na jibu nikaliona kwa macho yangu. Nilisogea hatua mbili kushoto, na utando ukasogea pamoja nami. Nikainama, ukashuka. Mikwaruzo iliyochorwa kwa duara ingekaa mahali ilipochorwa. Kumbe mikwaruzo imelala kila upande boneti nzima, ila inayorudisha mwanga machoni ni ile tu iliyokingama mbele ya mwanga, nayo ndiyo inayojipanga kuizunguka taa popote utakaposimama. Utando wa buibui hausemi chochote kuhusu mkono ulizunguka au ulinyooka. Unasema tu kwamba rangi imekwaruzwa. Gari jeupe nalo linayo, tena mingi, lakini mwanga unaorudi kutoka kwenye mkwaruzo hufanana na weupe ulioko pembeni yake. Juu ya weusi hauna pa kujificha.

Basi mkono mnyoofu una faida gani? Faida iko kwenye chembe ya mchanga. Hata kitambaa safi hukosa kuwa safi kabisa. Ukizungusha, chembe ile ile inapita juu ya mahali pale pale mara nyingi. Ukinyoosha, inapita mara moja, unakunja kitambaa, unageuza upande mwingine, imeondoka. Tena mkwaruzo mnyoofu unaonekana ukisimama upande mmoja, ukihama hauonekani. Haya nilimweleza mwenzangu mwaka ule, nikamweleza tena tulipokuwa watu wazima wenye mabanda yetu. Hajawahi kunijibu kwa hoja. Hujibu kwa kuniuliza nina wateja wangapi.

Mzee alifariki kabla hajaona mabadiliko makubwa. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na hasa miaka ya 1990, magari yaliyotumika yakaanza kushuka bandarini kutoka Japani na Dubai, na rangi zake zilikuwa nyingine. Juu ya rangi kuna klia, tabaka lisilo na rangi, na polishi haitoi tena weusi kwenye kitambaa. Mafundi wengi walipoona kitambaa kimebaki cheupe wakaamini hakuna kinachopungua. Hapo ndipo maafa yalipoanzia. Klia ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unywele wa kichwani, na ndiyo inayozuia miale ya jua isifike kwenye rangi. Ukiila, rangi iliyo chini hupauka na klia iliyobaki huanza kubanduka maganda. Hakuna polishi ya kurudisha hilo. Ni kupaka upya.

Mwenzangu alikuwa wa kwanza miongoni mwetu kununua mashine, ile inayozunguka mhimili mmoja kwa kasi, pedi ya sufu mbele yake. Ni chombo kizuri mkononi mwa mtu mwenye subira. Mkononi mwa mtu mwenye foleni ya wateja inachemsha rangi, inakula kingo za milango na mikunjo ya boneti, na juu ya gari jeusi inaacha mawimbi yanayocheza ukilisogeza juani. Yeye aliyafunika kwa mafuta. Gari linatoka linang'aa, mvua ya kwanza inanyesha, mawimbi yanarudi, mteja anarudi, anapigwa polishi tena. Watu walimsifu kwa jambo hilo.

Miaka fulani baadaye bwana mmoja aliniletea Land Cruiser nyeusi yenye mabaka mepesi kwenye ukingo wa boneti. Alikuwa ameambiwa kwamba rangi ilitoka mbovu kiwandani. Wakati huo nilikuwa nimeshapata kipimo cha unene wa rangi, kidude unachokigusisha kwenye bati kikakupa namba. Katikati ya paa, mahali ambapo mashine haifiki kwa urahisi, kilisoma mikroni 120. Ukingoni mwa boneti kilisoma 65. Nilimwonyesha namba zote mbili, nikamwambia kiwanda hakipaki gari moja kwa namna mbili. Sikumtaja fundi yeyote. Hakuniuliza pia, alikwenda mwenyewe anakokujua.

Ndugu zangu vijana mnaofanya kazi hii, na nyinyi madereva mnaosubiri wakubwa kwenye maegesho, nisikilizeni. Acheni dasta. Kila asubuhi nawaona mnalipangusa vumbi kavu gari jeusi ili bosi akitoka alikute safi. Vumbi la Dodoma na la barabara za vijijini lina mchanga ndani yake, na mchanga ni mgumu kuliko klia yoyote. Mnachofanya ni kupiga msasa. Gari likae na vumbi mpaka lipate maji. Yakipatikana, limwagieni kwanza mpaka mchanga uondoke wenyewe, ndipo mlete sponji. Chukueni ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji kabla haijarudi kwenye sabuni. Anzeni paani mshuke, na sehemu za chini karibu na matairi zifutwe mwisho kwa kitambaa chake peke yake, kitambaa hicho kisipande juu kamwe. Sabuni ya unga ya kufulia iacheni kwenye nguo, inaondoa nta yote. Na yale mafuta ya taa mnayotia kwenye maji ili gari ling'ae, ndugu zangu, mnalipaka gari gundi ya vumbi.

Msiioshe rangi nyeusi mchana. Bati jeusi kwenye jua la saa saba halishikiki kwa kiganja. Maji yanakauka kabla hamjafika upande wa pili, na maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa, yanaacha alama za duara zinazoingia kwenye klia. Alfajiri au jioni, tena kivulini.

Kivuli nacho kina mtihani wake, maana kivuli cha Dar es Salaam ni mti na kwenye mti kuna kunguru. Ndege hawa wa Kihindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka, na sasa pwani nzima ni yao. Klia ikipata moto hulegea kidogo. Kinyesi kikikauka juu yake kinakakamaa. Jioni klia inapoa, inajikunja pale pale na kubaki na kovu. Ndiyo maana hakisubiri kesho. Lakini msikifute! Loweka kitambaa laini, kitandaze juu yake, ukiache kilainike kwa dakika kadhaa, kisha ukinyanyue wima na kinyesi ndani yake. Utomvu wa mwembe hivyo hivyo. Kati ya jua na mwembe wenye kunguru, mimi ningeliacha gari juani.

Na hizi dawa mpya za kauri wanazouza kwa bei kubwa, wakisema ni ugumu wa 9H na gari halitakwaruzika tena. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli. Maana yake ni kwamba penseli ya namba hiyo haikuikwaruza. Mchanga si penseli. Dawa yenyewe si mbaya, maji yanateleza na uchafu haushiki sana, na inadumu kuliko nta ya karnauba ya Brazili ambayo jua letu huimaliza kwa wiki chache. Ila nimepokea magari mengi meusi yaliyopakwa dawa hiyo yakiwa na utando wa buibui kamili, kwa sababu mwenyewe aliambiwa hahitaji tena kuosha kwa uangalifu. Hasa Toyota zenye namba 202 kwenye kibati. Hiyo ni nyeusi tupu, na mafundi wa polishi duniani wanaijua kwa ulaini wake. Nimeona taulo jipya likiitia alama.

Binti niliyemwachia banda ni hodari kuliko nilivyokuwa umri wake. Anatumia mashine ya mizunguko miwili, pedi ya sponji, na anapima kabla na baada. Kuna jambo moja tunavutana. Ameleta sabuni ya kisasa isiyohitaji kusuuzwa: vifuniko vichache kwenye ndoo moja, taulo linaloweshwa, upande mmoja wa taulo kwa kila kipande cha bati. Anasema, "Baba, maji ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki na ya kisima yana chumvi, tutaendelea kumwaga mapipa mpaka lini?" Hoja ya maji naikubali. Ya mchanga bado. Anadai sabuni ile inaifunika chembe isiume, mimi nasema chembe isiyoondolewa kwa maji mengi ni chembe iliyobaki juu ya gari. Tumepata mlango mweusi wa Crown iliyopata ajali, tumeupiga polishi mpaka ukawa kioo, tukaubandika utepe katikati. Nusu ya mbele anaiosha kwa njia yake kila Jumamosi, ya nyuma naja kuiosha mimi kwa ndoo zangu. Kaskazi ikiisha tutautoa juani tuutazame, na mwenzangu wa zamani nimemwalika naye aje.