Kibao cha Mama Ntilie

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, lakini Mikese haisimami. Vituo vyake vya karibu ni Ngerengere na Morogoro mjini. Sisi tunaiona tu ikipita. Kwa hiyo siku ya usaili niliamka saa tisa usiku, nikasimama barabarani kusubiri basi, kompyuta nimeikumbatia kama mtoto.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ubunifu wa grafiki. Nilipoingia nikasema, "Shikamooni." Walikuwa watatu. Mmoja, ambaye nadhani nimemzidi umri, akacheka: "Mambo vipi, kaka?" Jasho likaanza hapohapo.

Nilikuwa na kazi 12. Nembo ya kampuni ya kahawa, ya shirika la ndege, ya benki. Zote nilizichora usiku nikitazama za Ulaya na Marekani mtandaoni, na hakuna hata moja ya kampuni hizo iliyopo duniani. Dada mmoja wa makamo alizitazama zote kimya. Mwisho akauliza, "Nzuri. Sasa hapa ipi imewahi kutumiwa na mtu?"

Nikajibu, "Bado."

Nilidanganya. Nyumbani niliwahi kumchorea kibao mama ntilie mmoja wa kando ya barabara kuu. Mara ya kwanza nilikichora kwa mbwembwe: herufi za mapambo, sahani inayofuka moshi, orodha ya vyakula, namba ya simu. Mama akavuka barabara, akakitazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, dereva wa lori anapita mbio. Yote hayo atayasoma saa ngapi?"

Nikafuta. Nikaandika maneno mawili makubwa, meusi juu ya njano: WALI NYAMA. Kibao tukakisogeza mbali na banda, ili dereva akikisoma apate nafasi ya kushika breki. Wiki hiyohiyo malori yakaanza kuegesha.

Kwa nini sikusema? Niliona aibu. Bati chakavu, rangi ya kopo, brashi ya kuazima. Hata picha sikuwahi kukipiga.

Wakasema watanipigia. Hawakupiga.

Kwenye basi la kurudi, mbele yangu alikaa mama aliyejitanda kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina huandikwa kwa herufi kubwa. Nilikuwa viti vitatu nyuma na nililisoma bila taabu. Aliyeipanga kanga alimfikiria mtu aliye nyuma. Mimi, katika nembo zangu zote 12, sikumfikiria mtu yeyote.

Kesho yake nikaenda bandani, nikaamkia, nikasema nimekuja kupiga picha kibao.

"Kina nini?" mama akauliza.

"Nataka kuwaonyesha watu."

Akakitazama. Njano ilikuwa imeshapauka kwa jua.

"Haya, piga. Ukimaliza, kipake rangi."