Kutafuta spesa ya gurudumu, toka New Congo mpaka Katwe

Wengi mlituuliza kwa nini ile pikipiki yetu ililala chini ya turubai miezi miwili. Leo tunawaeleza, na safari yake yote.

Sisi ni jamaa nne za hapa New Congo, Nakivale. Tuliinunua kwa kuchangizana. Ni Yamaha AG100, kuukuu kabisa, ile yenye kariya mbele na nyuma na mnyororo uliofunikwa. Ndiyo inayobeba mahindi yetu toka Rubondo, na ndiyo inayoamshwa usiku mama akishikwa na uchungu. Iliposimama, jamaa nne zilisimama.

Ilianza kwa mlio. Gurudumu la mbele likawa linalia na kuchezacheza. Mzee fundi wetu akalifungua, akatoa beringi mbili (nyumbani tulizoea kusema rulma), zote zimekufa. Katikati yake akatoa kibomba cha chuma, urefu kama kidole, ncha zimelika. Hicho ndicho spesa. Kinakaa ndani ya habu kati ya beringi mbili, na ekseli inapita ndani yake. Ukikaza nati ya ekseli, nguvu inapita kwenye kile kibomba, beringi zinabaki huru kuzunguka. Kikiwa kifupi, kukaza kule kunaziminya kwa pembeni, zinapata moto, zinavunjika. Mzee alituambia wazi: kuweka beringi mpya na spesa iliyolika ni kutupa pesa.

Sisi tukazitupa. Tulienda Mbarara na spesa mfukoni tu, gurudumu tukaliacha nyumbani, eti zito. Madukani kila mtu anauza spea za Boxer, maana ndizo boda za siku hizi. Ukitaja AG100 wanacheka, mmoja akatuambia tuiuze kwa kilo. Mwisho kijana mmoja wa gereji akachukua bomba la maji, akalikata kwa msumeno kufuata urefu wa ile ya zamani. Akatuuzia na beringi mpya mbili. Tulirudi tumefurahi sana. Wiki ya pili mlio ukarudi. Kumbe alifuata urefu wa kitu kilichokwisha kulika! Na mwenye kosa si yeye peke yake, sisi ndio tuliompelekea kipimo cha uongo.

Kikao cha jamaa nne kilikuwa kigumu. Mama mmoja alisema pesa ya nauli ya Kampala ni pesa ya madaftari ya watoto, na alisema kweli. Mwingine akataka tuuze. Mzee akasema jambo moja tu: "Mkienda, mwende na gurudumu zima." Tukakubaliana wawili waende, mara moja, na wasiporudi na spesa, pikipiki inauzwa.

Basi tukatoka kabla ya jua, ukungu bado juu ya ziwa, gurudumu mgongoni kwa mmoja wetu limefungwa kwa kitenge. Mbarara tukapanda basi. Kondakta akalilipisha kama abiria. Njia ile ni nzuri kuitazama hata kwa mwenye mawazo: Lyantonde na ng'ombe wa pembe ndefu, Masaka, halafu Lukaya, wauzaji wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma na ndizi za gonja. Tulinunua gonja, kuku tulimtazama tu. Baada ya matope ya Lwera unafika Kayabwe, pale mstari wa ikweta unapokata barabara, na lile duara kubwa jeupe ambalo wageni wanapigia picha. Sisi tulilipita gurudumu letu likiwa mapajani.

Kampala tulianzia Kisekka, mitaa ya spea karibu na Nakivubo. Soko lile lina jina la daktari Samson Kisekka, aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1986 mpaka 1991. Pale unauliza kitu kimoja, vijana watano wanakuvuta mikono. Kiganda chetu ni kidogo, na ukisema Kiswahili wengine wanakuangalia mara mbili, maana wazee wa kule wanakikumbuka kama lugha ya maaskari. Beringi zilikuwepo tele. Soma namba pembeni yake usidanganywe: 6301, kwa mfano, ni tundu milimita 12, upana wa nje 37, unene 12. Spesa ya AG100 haikuwepo.

Tukashuka Katwe kwa miguu. Ile ni mitaa ya wafua vyuma: sufuria, mageti, mashine za kusaga, yote yanatoka pale kwa kelele na cheche. Wakongomani ni wengi, na tulifarijika kusikia Kiswahili cha Bukavu kwenye kibanda cha chapati. Mwenye kibanda akatupeleka kwa mkereza chuma mmoja, mtu wa makamo.

Yeye hata hakuitazama spesa ya zamani. Aliomba gurudumu. Akatoa beringi, akasafisha habu, akapima kwa venia toka bega linapokaa beringi moja mpaka bega la pili. Akachukua nondo nene, akaitoboa, akaikereza, akaacha kingo katikati ili kibomba kisidondoke ndani ya habu na kuzuia ekseli. Akaifanya ndefu kuzidi kipimo kwa unene wa karatasi mbili hivi. Beringi ya kwanza akaigonga mpaka mwisho, akaweka spesa, ya pili akaigonga polepole mpaka ilipoigusa, akaacha hapo. Akapitisha ekseli, akakaza nati kwa nguvu zake zote, akalizungusha gurudumu kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, bila sauti. Shilingi 30,000, bila kubishana.

Tulirudi kesho yake. Usiku wa tatu pikipiki iliamshwa kwenda kituo cha afya, na mama alijifungua salama, mtoto wa kike.

Kipimo cha ile spesa tumekiandika kwa rangi chini ya kiti. Mwenye AG100 aje akinakili, ila kwanza apime habu yake.