Maji yenye kujificha mu ukuta

Wababa na wamama, na ninyi vijana wetu, mara hii nataka tusemezane juu ya kitu kidogo chenye kuharibu nyumba nyingi katika miji yetu ya migodi: tiyo ya maji yenye kutoboka fasi macho haifike. Robine ikivuja, kila mutu anaiona na kulalamika. Lakini tiyo ikitoboka ndani ya ukuta ao chini ya simenti, inafanya kazi yake usiku na muchana, na sisi tunasema: «Maji si inatoka? Basi hakuna shida.»

Sisi tunakaa Likasi, katika nyumba ya matofali ya kampi ya zamani ya wafanyakazi wa mugodi. Tiyo zake ni za chuma. Kutu inakula chuma polepole kutoka ndani, mpaka siku moja tundu ndogo kama ncha ya sindano inafunguka, na mutu hajui.

Mwaka 2019, mwezi wa saba, ukuta wa chumba cha watoto ulianza kuloa. Rangi ikavimba na kubanduka. Jirani mumoja akasema ni mvua. Lakini mwezi wa saba hapa Katanga ni wakati wa baridi na vumbi. Mvua ilikuwa imekwisha zamani. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba ni «mambo ya watu». Baba ya watoto alikuwa kazini Kolwezi. Fundi wa kwanza niliyemuita aliangalia dakika tano tu, akasema tuvunje simenti yote ya duche. Feza aliyoomba ilipita ile ya masomo ya watoto wawili. Nikamwambia: «Fundi, mbele ya kuvunja, unionyeshe kwanza tundu iko wapi.» Akachukua mufuko wake akaenda.

Baba mukwe wangu ni muzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye pompi za mugodi. Juu ya heshima ya ukwe hakuingia katika chumba wala katika duche yetu. Alikaa barazani, na mutoto wetu mukubwa, mwenye miaka 14, akawa macho yake na masikio yake. Muzee akasema: «Maji haiwezi kubomoa nyumba bila kuacha alama. Tuitafute kwa akili. Nyundo itakuja nyuma.»

Kwanza, tulianza na kontere. Mangaribi, maji ilipofika, tulifunga robine zote, tukaandika hesabu ya kontere mpaka zile namba nyekundu za mwisho. Saa moja nzima mutu hakugusa maji. Tuliposoma tena, litre 4 zilikuwa zimepita. Angalieni hesabu: kama maji iko siku nzima, litre 4 kwa saa ni litre 96 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni litre 2.880. Ni bidoni 144 za litre 20, tunazolipa bila kunywa hata kopo moja.

Kama kontere haitembei na ukuta unaendelea kuloa, shida inaweza kuwa kwenye tiyo ya maji machafu. Hapo muache kuoga fasi hiyo siku mbili, tatu, muone kama ukuta unaanza kukauka.

Pili, tuligawa nyumba. Tulitia kahawa kidogo katika tanki ya choo, tukangoja nusu saa bila kuvuta maji. Rangi haikushuka katika bakuli: choo ni kizima. Tukafunga vane ya upande wa jikoni: kontere ikaendelea kutembea. Tukafunga vane ya upande wa duche: ikasimama. Sasa, katika nyumba yote, kulibakia ukuta moja tu wa kutafuta.

Tatu, tulisikiliza. Usiku, redio ikazimwa. Mutoto akaweka ncha ya turnevisi ndefu juu ya tiyo fasi inapoonekana, kisha juu ya ukuta, shubiri kwa shubiri, na mupini wake kwenye sikio. Ghafula akalalamika: «Kambo, hapa inaimba sana!» Fasi ile ilikuwa mbali na doa karibu metre moja, na juu zaidi. Maji inafuata tiyo, inashuka, inatokea fasi inapopata njia. Kwa hiyo doa na tundu havikai pamoja kila mara, na mwenye kuvunja kwenye doa anaweza kuvunja bule.

Fundi wa pili, kijana wa kartie yetu, alivunja fasi ya upana wa sahani moja. Tundu ilikuwa pale, karibu na kona ya tiyo. Akakata kipande kilichooza, akatia kipya, akazungusha filasi na kukaza. Muzee alikataza kuziba ukuta siku ile. Maji ilipita usiku muzima, asubuhi tukapangusa kwa karatasi kavu. Karatasi ilibaki kavu. Njo simenti ikarudishwa.

Nilifurahi juu ya feza na juu ya ukuta. Lakini muzee aliniambia neno moja ambalo sikulifikiri. Chini ya ile tiyo kunapita tiyo ya choo. Wakati maji iko na nguvu, tundu inatoa maji inje. Maji inapokatika, nguvu inaanguka, na tundu ileile inaweza kuvuta uchafu wa udongo ndani. Maji inaporudi, uchafu unafika katika kopo la mutoto. Ni njia moja ya kolera na tifoide. Mimi nilihesabu maji yenye kutoka. Yeye aliogopa ile yenye kuingia.

Basi, wapendwa, mara moja kwa mwezi mufanye kazi ya kontere. Wasio na kontere wafunge robine zote usiku na kutega sikio kwenye tiyo. Kitambaa na mupira wa velo juu ya tundu ni dawa ya siku moja, si ya mwaka. Kisha kutengeneza, muache maji ipite mpaka iwe safi, na ya kunywa muichemshe. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ninyi vijana wenye kutafuta kazi, mujifunze ufundi huu: kijana mwenye kujua kutafuta mbele ya kuvunja, kila nyumba itamuita tena.