Chumba cha Chini Kilivyopata Dirisha

Tulipoinunua nyumba yetu, kaskazini kidogo ya jiji la Minneapolis, mwaka 2013, hati zilisema ina vyumba viwili vya kulala. Cha tatu kilikuwepo, ila hakikuhesabiwa. Kilikuwa huko chini, kwenye besimenti: mlango, taa moja ya dari, zulia la kahawia lililotanda sakafu nzima, kuta zilizofunikwa mbao nyembamba za rangi hiyo hiyo, na kidirisha kimoja juu kabisa karibu na dari, ambacho mtu mzima angepitisha kichwa tu. Wenyewe wa kwanza waliwalaza watoto wao humo. Kanuni za ujenzi za leo hazikitambui kuwa chumba cha kulala, kwa sababu moto ukizuka penye ngazi, aliyelala ndani hana pa kutokea.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu nyumba haishuki. Mtu akitaka nafasi huongeza ghorofa juu. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini huku karibu kila nyumba ina chumba kikubwa kilichozama ardhini. Sababu ni baridi. Maji yaliyomo udongoni yakiganda hutanuka, na yakitanuka huweza kuunyanyua msingi na kuzipasua kuta. Kwa hiyo msingi lazima ushuke hadi pale ambapo baridi haifiki: upande wa kusini wa Minnesota, Minneapolis ikiwemo, kanuni zinataka inchi 42, zaidi ya mita moja, na kaskazini ya jimbo inchi 60. Aliyekwisha kuchimba kiasi hicho, akiongeza kina kidogo anapata ghorofa nzima. Humo huwekwa tanuri la kupasha nyumba joto, mashine ya kufulia, na maboksi ambayo hayafunguliwi.

Miaka ya kwanza wageni wetu walilala sebuleni. Mpwa wa mume wangu alipokuja kuanza chuo, jamaa walioshuka kutoka Columbus kwa ajili ya harusi, rafiki aliyekwama kwa theluji. Wote walitandikiwa godoro baina ya kochi na televisheni, na hakuna aliyenung'unika. Mgeni wa siku mbili tatu hana taabu. Mambo yakabadilika Mama alipopata viza mwaka 2016. Anayekuja kutembea kwa viza kama ile kwa kawaida huruhusiwa kukaa hadi miezi 6, na mama aliyevuka miaka sabini humlazi miezi yote hiyo sebuleni, mkwe wake akimpita saa nane za usiku akitoka kazini.

Nikampigia simu kumwambia kwamba tunamtengenezea chumba chake mwenyewe, chini.

"Chini wapi, mwanangu? Chini ya ardhi?"

Nikamweleza jinsi nyumba za huku zilivyo. Akanyamaza, kisha akasema kwa upole, "Chini ya ardhi nitalala siku yangu ikifika, inshallah. Kwa sasa nilazeni juu."

Maneno hayo nilitembea nayo wiki nzima. Hakuwa akidai makubwa. Mtu wa umri wake amekwisha kuwasindikiza wengi makaburini, na chumba kisichopata jua kwake kina maana nyingine. Tangu hapo nilijua kazi yetu ni ipi. Rangi na mapazia yangesubiri. Kwanza lazima mtu akilala mle aione mbingu, ajue alfajiri imeingia bila kutazama saa.

Fedha zetu zilikuwa dola 6,000: akiba yetu pamoja na zamu yangu ya chama cha wanawake. Kwa nchi hii hizo si nyingi. Makandarasi wawili waliokuja kutazama walitaja bei ambayo ingemeza akiba yetu mara tatu. Aliyetuokoa ni fundi mmoja kutoka Bukavu, mtu wa makamo, aliyekuwa akifunga bodi za jipsamu kwenye majengo makubwa siku za kazi na kutupa Jumamosi zake. Siku ya kwanza hakuja na nyundo. Alituambia tung'oe zulia, kisha akakata vipande vya plastiki angavu na kuvibandika kwa utepe, kingo zote nne, sakafuni na ukutani.

Tulipovirudia, akanifundisha kuvisoma. Matone yakiwa juu ya plastiki, upande wa chumba, unyevu unatoka hewani. Yakiwa nyuma yake, maji yanapita kwenye zege lenyewe kutoka udongoni. Kwenye ukuta wa kaskazini yalikuwa nyuma.

"Mama, hii ukuta inatoka jasho," akasema. "Usinunue kitanda sasa."

Chini ya zile mbao tulizobandua, ukuta huo ulikuwa na unga mweupe wa chumvi, na huo nilikuwa nikiujua tangu utotoni. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zinazonywa maji na kuyatoa. Anapokuja mtu akazikarabati kwa saruji, maji hukosa pa kutokea, chumvi ikasukuma, na plasta ikaanguka vipande vipande. Babu yangu alikuwa na ukuta wa namna hiyo, na kila mwaka ulipigwa saruji upya. Sikuwa tayari kuja Marekani kuurudia.

Basi fedha za kwanza za chumba cha Mama zilitumika nje ya nyumba. Mabomba ya gata yalikuwa yakimwaga maji ya paa lote pale pale kwenye pembe ya msingi. Tukayarefusha yamwage mbali. Udongo uliozunguka nyumba ulikuwa umedidimia kwa miaka na kuinamia ukutani. Tukaagiza udongo mwingine, tukausukuma kwa toroli, tukaushindilia mpaka ukapata mteremko unaoipa nyumba mgongo: sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo. Mume wangu na vijana wa jirani waliifanya kazi hiyo bila malipo zaidi ya pilau. Kisha tukangoja. Tulitaka kuuona ukuta huo theluji ikiyeyuka na mvua kubwa za kiangazi zikipiga. Mama alikuwa amepanga kuja mwaka uliofuata, kwa hiyo muda tulikuwa nao. Mwezi Juni plastiki ya kaskazini ilikuwa kavu. Hakuna jambo tulilofanya ndani ya chumba kile lenye thamani kuliko hilo, na ndilo lililogharimu kidogo kuliko yote.

Tukiwa tunangoja maji, tulipima hewa. Ardhi ya Minnesota hutoa radoni kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotokana na urani iliyomo udongoni. Hupenya kwenye nyufa za sakafu na kukusanyika chini ya nyumba, hasa majira ya baridi milango ikiwa imefungwa. Idara ya Afya ya jimbo inasema katika kila nyumba 5 hapa, 2 zina kiwango kinachodai hatua, na kwa Marekani nzima radoni ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Kipimo ni cha bei ndogo: kopo au bahasha unayoiacha chumbani siku chache, kisha unaituma maabara. Serikali inashauri nyumba itengenezwe ikifikia 4 kwa kipimo chao cha pikokyuri kwa lita. Yetu ilivuka kidogo. Tukamlipa mtaalamu atoboe sakafu na kusimamisha bomba lenye feni, linalofyonza hewa ya chini ya zege na kuitoa juu ya paa. Feni hiyo haizimwi. Kazi hiyo ililamba sehemu nzito ya fedha zetu, na kila nikizungumza na Waswahili wenzangu wenye nyumba huku, hili ndilo ninalolitaja kwanza, maana wengi huwalaza wazazi wao chini bila kuwahi kulisikia jina la gesi hiyo.

Zulia lilikuwa limeficha jambo jingine: vigae vidogo vya inchi 9 kwa 9, vimegandishwa kwa gundi nyeusi. Vigae vya ukubwa huo vya miaka ya hamsini mara nyingi vina asbesto. Vikiwa vizima na vimetulia havimdhuru mtu. Hatari ni kuvikwangua na kuvivunja, vumbi likapanda hewani. Fundi alikataa kuvigusa, nami nikamshukuru. Tulivifunika.

Kisha likaja dirisha, na hapa sikuruhusu ubahili. Kanuni zinasema dirisha la chumba cha kulala cha chini liwe na uwazi wa kutosha, upana usiopungua inchi 20 na urefu usiopungua inchi 24, na kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni, ili mtu aweze kutoka na mzimamoto aweze kuingia na mtungi wake mgongoni. Kwa kukata ukuta wa msingi tulichukua kibali cha manispaa na tukaajiri watu wa kazi hiyo hasa, kwani ukuta huo unabeba nyumba. Shimo la nje tulilichimba wenyewe, baada ya kupiga 811, namba ya bure inayoleta watu wa kuweka alama kwenye ardhi palipopita gesi na umeme. Dirisha lenyewe tulilipata ReStore, duka la Habitat for Humanity linalouza vifaa vya ujenzi vilivyotolewa msaada: jipya kabisa, limerudishwa na mteja. Ukuta tuliukata kulifuata dirisha, wala hatukutafuta dirisha la kuufuata ukuta, na hapo ndipo tulipookoa mamia ya dola.

Siku waliyolikata zege, vumbi na maji ya msumeno viliufanya ukumbi wote wa chini kuwa tope. Kipande cha ukuta kilipoangukia nje, jua likaingia hadi ukuta wa pili. Mume wangu alikuwa amesimama pale, akauona kwa mara ya kwanza mlango wa chumba kile bila taa. Alimpigia Mama simu ya video papo hapo. "Mama, tazama, huu ni mwanga wa Mungu, si wa balbu." Mama akasema alhamdulillah, na kwa mara ya kwanza akauliza rangi ya shuka.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Mbao za povu gumu zikagandishwa moja kwa moja kwenye zege kuzuia baridi, fremu ikasimamishwa mbele yake, mti wa chini unaogusa sakafu ukiwa wa mbao zilizotiwa dawa zisioze. Bodi za jipsamu fundi alizifunga kwa Jumamosi moja, na maungio yake alipoyapiga lipu na msasa huwezi kuyaona hata ukimulika tochi pembeni. Sakafuni tulilaza vipande vya vinaili visivyoogopa maji, na mkeka wa ukindu kutoka nyumbani ukaja juu yake. Rangi ilikuwa ile ya bei ya chini ambayo maduka huiuza baada ya mteja kuchanganyiwa na kuikataa. Nyeupe yenye umanjano kidogo. King'ora cha moshi kiliwekwa ndani na kingine nje ya mlango, na cha kaboni monoksaidi ndani ya futi 10 kutoka chumba cha kulala, kama sheria ya jimbo inavyotaka, maana tanuri la gesi liko upande wa pili wa ukuta. Ngazi tuliitia vishikio pande zote mbili kwa ajili ya magoti ya Mama, na choo kilichokuwa kimesimama wazi kando ya mashine ya kufulia kikajengewa kuta na kupata bomba la kutawadhia. Kitanda kilitoka kwa familia iliyokuwa ikihamia Texas.

Mama alikaa hadi siku ya mwisho ya ruhusa yake. Chumba kilikuwa na joto kuliko vya juu wakati wa theluji na ubaridi mzuri mwezi Julai, na alikisifia hivyo kwa kila aliyepiga simu kutoka Mombasa. Alipoondoka, nilidhani kitabaki kitupu mpaka safari yake ya pili. Badala yake kilipata kazi ambayo hatukuifikiria. Fundi wetu alitupigia: kuna familia ya Kikongo imefika kutoka kambini, nyumba waliyoahidiwa haijawa tayari. Mama wa familia hiyo na watoto wawili walilala chini, baba na mwanawe mkubwa sebuleni. Baada yao akaja mwanafunzi kutoka Mwanza, kisha bibi arusi na mashangazi zake. Mashine ya kunyonya unyevu hufanya kazi kiangazi chote, sinki ya kufulia ikipokea maji yake, na kipimo cha radoni tunakirudia kila baada ya miaka michache kama Idara ya Afya inavyoshauri.

Sasa jirani yetu Mkenya, anayengoja wazazi wake kutoka Kisii, ameanza kuulizia bei za mazulia. Nimempelekea plastiki angavu na utepe, na fundi ameahidi kupita kwake Jumamosi.