Bodi ya Chombo Kyela: Kutoka Tezo hadi Skrini

Umbo la mtumbwi wa Ziwa Nyasa lilikaa machoni mwa mchongaji. Waliokulia Matema, Mwaya na Itungi wanakumbuka gogo lililochongwa kwanza nje kwa shoka, kisha likachimbwa tumbo kwa tezo, bila karatasi wala mchoro. Mdomo ulikuwa mwembamba kuliko tumbo, ili wimbi lisimwage maji mengi ndani. Kwa mitumbwi hiyo akina mama wa Kikisi walivusha vyungu vyao kutoka Ikombe hadi sokoni Matema. Vyungu ni shehena isiyosamehe chombo kinachoyumba, na ufundi wa wachongaji wale haujapewa heshima inayoustahili.

Chuma kilileta utaratibu mwingine. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1893, ilisafirishwa vipandevipande kupitia mito Zambezi na Shire, ndipo ikaunganishwa. Ilala ya Waingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1951, nayo ilitoka kiwandani Glasgow. Umbo liliamuliwa mbali, na watu wa ziwa wakapokea kilichokwisha amuliwa. Hali hiyo imegeuka. MV Njombe na MV Ruvuma, meli za mizigo za tani 1,000 kila moja, zilijengwa Kyela kwenyewe na kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza, zikakamilika mwaka 2017. MV Mbeya II, ya abiria 200 na mizigo tani 200, ilizinduliwa Januari 2021.

Siku hizi hatua ya kwanza ya umbo inaweza kufanywa na mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida. Programu za kuchora bodi, FREE!ship na DELFTship, ambayo ina toleo la bure, huanza kwa kuuliza urefu, upana na kina cha chombo, kisha huweka wavu wa nukta. Anayejifunza huchora upande mmoja tu. Wa pili hujitokeza wenyewe. Nukta ikivutwa, uso mzima unaoizunguka hufuata taratibu, kama ngozi ya ngoma inayobonyezwa kwa kidole. Ndiyo maana nukta chache ni bora: zikiwa nyingi, bodi hujaa mabonde ambayo jicho haliyaoni mpaka mistari ya mikato ikaguliwe. Mtumbwi wa kienyeji ni zoezi zuri la mwanzo, kwa sababu mdomo wake mwembamba humlazimu mtu kurudisha nukta za juu kuelekea katikati.

Kuna mambo ambayo programu haiyajui mpaka iambiwe. La kwanza ni maji. Programu hizi kwa kawaida huanza na uzito wa maji ya bahari, tani 1.025 kwa mita ya ujazo, ilhali maji ya Nyasa ni baridi, yaani yasiyo na chumvi, karibu tani 1 kamili. Chombo cha tani 100 husukuma mita za ujazo 97.6 baharini, lakini 100 ziwani, hivyo huzama zaidi. Tofauti hiyo ina uzito wake Itungi, ambako mchanga wa mto umepunguza kina cha bandari hadi meli zikahamia bandari ya Kiwira. Mwenye kuchora kwa ajili ya pwani hiyo analazimika kutafuta bodi pana isiyozama sana. La pili ni upepo wa kusini. Ziwa lina urefu unaozidi kilomita 550, na mawimbi yaliyokua njia nzima huishia Kyela. Upana unaosaidia kina hufanya chombo kijirudishe kwa kishindo kikiyumba, na pua butu hugonga maji. Kwa hiyo omo inahitaji makali hata kama tumbo ni pana.

Hesabu ya uthabiti hufuata, na hapo uzito wa abiria wa sitaha ya juu lazima uingizwe kwa kimo chake halisi. Mwisho ni mabati. Bati hukubali kupindwa upande mmoja. Likitakiwa kupinda pande mbili kwa pamoja, linahitaji moto na mashine. Bodi yenye kona kali badala ya mviringo inaweza kukunjuliwa na FREE!ship ikawa vipande bapa, vikachorwa juu ya bati na kukatwa ufukweni.